Fizi na Baraka: Upepo ukishapita, hesabu ya hasara ndiyo inayoamua nani atasaidiwa

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 9 mwezi wa tano 2025, mvua kali yenye upepo mkubwa ilipiga kijiji cha Kasaba, kando ya Ziwa Tanganyika, katika sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi. Mto Kasaba ulifurika, ukashuka na mawe makubwa, miti na matope, ukazoa nyumba zilizokuwa karibu na ziwa. Serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilitangaza kwanza kwamba watu 62 wamekufa. Baadaye msimamizi wa teritwari ya Fizi, Samy Kalonji, alisema waliokufa si chini ya 104. Mkaaji mmoja aliyeongea na shirika la habari AFP alisema miili iliyopatikana imeshafika 119.

Kijiji ni kimoja, usiku ni mmoja, lakini ndani ya siku chache hesabu zikawa tatu. Haina maana kwamba kuna aliyedanganya. Kasaba inafikiwa kwa njia ya ziwa, na mtandao wa simu haufiki kule. Viongozi wa jimbo walisema wazi kwamba kazi ya kutafuta miili bado inaendelea, na kwamba shirika la misaada lililokuwa tayari limefika ni Msalaba Mwekundu peke yake. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya wale walioonekana. Zilizofuata zilikuwa za wale waliotafutwa.

Kwa mtu aliye mbali, tofauti hiyo ni habari ya redio tu. Kwa mtu wa Ngandja, Baraka, Mboko au Lulimba, ni jambo la maisha. Kiasi kinachoandikwa kwenye ripoti ndicho kinachoamua idadi ya shitingi zitakazopakiwa kwenye mtumbwi, kilo za unga, sabuni, dawa na vitabu vya shule. Familia ambayo haikuandikwa haipo. Kwa hiyo baada ya kila mvua ya upepo inayong'oa manjanja katika vijiji vyetu, kuna kazi moja inayofuata kuokoa watu na kuzika wafu: kuhesabu, na kuhesabu vizuri.

Kile tunachokiita kimbunga

Mara nyingi, paa zikishaanguka, watu wa Fizi wanasema kimbunga kimepita. Ni neno linaloeleweka, lakini linachanganya mambo matatu.

Kuna kimbunga kikubwa cha bahari, kama kile kilichoitwa Hidaya, ambacho kilifika pwani ya Tanzania mwezi wa tano 2024. Hicho kinahitaji bahari pana yenye maji ya joto na msaada wa mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta ni dhaifu sana. Fizi na Baraka ziko karibu digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Kimbunga cha aina hiyo hakiwezi kuzaliwa juu ya Ziwa Tanganyika.

Kuna pia kile ambacho watu wa Marekani wanakiita tornado: nguzo ya upepo inayozunguka kwa kasi kutoka kwenye wingu hadi chini, inayopita kwenye njia nyembamba na kuacha nyumba nzima hapa na nyumba iliyosagika pale. Inaweza kutokea mahali pengi duniani penye mvua za radi, lakini upande wetu ni nadra.

Cha tatu ndicho kinachotupiga mara nyingi: upepo wa mvua ya radi. Ndani ya wingu kubwa, mvua inapoanguka inapoza hewa. Hewa baridi ni nzito, inashuka kwa nguvu pamoja na maji, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa kwenye sakafu. Upepo huo hauzunguki, unasukuma kwa mstari. Unaweza kudumu dakika chache tu, na bado ukang'oa paa za kijiji kizima.

Mahali petu ni pazuri kwa mawingu kama hayo. Upande mmoja kuna ziwa lenye maji ya joto mwaka mzima, karibu mita 770 juu ya bahari. Upande wa pili kuna milima ya Itombwe, yenye vilele vinavyopita mita 3,000. Usiku hewa baridi inashuka kutoka mlimani kuelekea ziwani na kusukuma juu hewa ya joto yenye unyevu. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka eneo la Kabare, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu: zaidi ya radi 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Penye radi nyingi, upepo wa mvua ya radi hauko mbali.

Miti iliyolala inasema ukweli

Kwa nini kutofautisha, wakati nyumba imeshaanguka? Kwa sababu dawa si moja. Nyumba iliyobebwa na mto inahitaji kuhama mahali. Nyumba iliyong'olewa paa na upepo inaweza kubaki pale pale, ikijengwa vizuri zaidi. Ukiandika tu “nyumba 150 zimeharibika”, anayepokea ripoti hawezi kujua alete nini.

Mtu aliyefundisha dunia kusoma alama hizi alikuwa Mjapani, Tetsuya Theodore Fujita. Mwaka 1945, akiwa mwalimu kijana, alitumwa kuchunguza uharibifu wa mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki. Na urani ya bomu la Hiroshima, kwa sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Fujita aliona miti imelala ikielekea nje kutoka mahali pamoja, kama miale ya jua. Miaka mingi baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, aliona mchoro ule ule katika misitu iliyopigwa na mvua za radi, akaelewa kwamba ule ni upepo unaoshuka na kutawanyika. Mwaka 1971 alikuwa ameshatoa kipimo cha nguvu za tornado ambacho bado kina jina lake.

Jambo la maana katika kipimo cha Fujita ni kwamba hakipimi upepo wenyewe. Hakuna chombo kinachokuwa tayari kijijini wakati upepo unapita. Mpimaji anakuja kesho yake, anaangalia kilichovunjika, anauliza kilijengwa namna gani, ndipo anakadiria kasi. Kipimo hicho kilichorekebishwa, kinachotumika Marekani tangu 2007, kina aina 28 za majengo na miti za kulinganisha. Daraja la chini linaanza kwenye upepo wa karibu kilomita 105 kwa saa, na la juu linapita kilomita 320.

Lakini kipimo hicho kilitengenezwa kwa nyumba za Marekani. Nyumba ya matofali mabichi ya Lweba au Sebele, yenye manjanja yaliyoshikwa na misumari michache, inaweza kupoteza paa kwa upepo mdogo kuliko ule wa daraja la kwanza. Tukikichukua kama kilivyo, tutasema upepo ulikuwa mkali kuliko ulivyokuwa, na tutasahau kwamba shida nyingine ilikuwa kwenye misumari. Tunachoweza kuchukua ni mbinu: kabla ya kufagia, tembea, angalia, andika.

Miti na mihindi ikilala upande mmoja, au ikitawanyika kama vidole vya mkono, upepo ulishuka kutoka kwenye wingu la mvua. Ikiwa imelala ikikutana, mingine kushoto, mingine kulia, kwenye njia nyembamba yenye mwanzo na mwisho, hapo kuna dalili ya upepo uliozunguka. Matope yaliyobaki ukutani, majani yaliyonasa kwenye miiba kwa urefu mmoja, mawe yaliyohama: hayo ni ya maji. Manjanja yaliyokunjwa na kutupwa mbali huku ukuta wa chini ukiwa mkavu: huo ni upepo. Kasaba viliungana vyote viwili, lakini kilichobomoa zaidi kilikuwa mto.

Kuna alama ya nne ambayo pwani yetu inaijua. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, likaingia katika mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura. Nyumba nyingi za kando ya ziwa zilikuwa zimelowa msingi kabla ya upepo wowote kuja. Anayehesabu anapaswa kuuliza: ufa huu ni wa leo, au ni wa mwaka jana? Swali hilo halimnyimi mtu msaada. Linaonyesha tu kwamba ukiirudisha nyumba hiyo mahali pale pale, umejenga hasara ya kesho.

Nani anahesabu

Kwenye karatasi njia ni fupi. Kijijini, shefu wa kijiji anapeleka habari kwenye gurupema, gurupema kwenye sekta, sekta kwa msimamizi wa teritwari kule Fizi, naye anapeleka kwa serikali ya jimbo. Mjini Baraka, nyumbakumi anampa shefu wa avenyu, avenyu inapeleka kwenye kartie, kartie kwenye komini, komini kwa meya. Pembeni kuna Msalaba Mwekundu, shirika la raia, ulinzi wa raia, wahudumu wa afya wa kijiji, makanisa, na mashirika ya misaada ambayo yanakuja na karatasi zao wenyewe.

Kwenye udongo, njia ni ndefu. Teritwari ya Fizi ina sekta nne, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, na ukubwa wake unapita kilomita za mraba 15,000. Barabara ya kitaifa namba 5, inayotoka Uvira kupitia Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, ndiyo uti wa mgongo. Mvua ile ile inayoharibu nyumba ndiyo inayokata barabara na vilalo. Kuna vijiji vya kupanda mlima kwa mguu, kuna vingine vya mtumbwi tu. Tangu mwanzo wa 2025 vita vimezidisha ugumu: Bukavu ilipoanguka mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na uwanja wa ndege wa Goma, mlango mkubwa wa misaada ya mashariki, ulikuwa umeshafungwa tangu mwisho wa mwezi wa kwanza.

Maana yake ni moja. Hesabu ya siku tatu za kwanza, ile inayoamua mtumbwi wa kwanza utabeba nini, haifanywi na mtaalamu wa Kinshasa wala wa Geneva. Inafanywa na shefu wa kijiji, mwalimu, muuguzi na kijana wa Msalaba Mwekundu mwenye daftari. Wakiifanya vibaya, anayekuja nyuma yao atasahihisha baada ya wiki mbili, wakati watoto wameshalala nje siku kumi na nne.

Satelaiti zinasaidia, lakini hazimalizi kazi. Picha ya kawaida haioni kitu chini ya mawingu, na mawingu ndiyo yaliyoleta balaa lenyewe. Rada inaona kupitia wingu, lakini inatambua vizuri zaidi maji yaliyosimama au jengo kubwa lililoanguka. Ukuta wa matofali mabichi uliopasuka kutoka juu hadi chini, ambao utaanguka kwa mvua ijayo, hakuna satelaiti inayouona. Anauona mwenye nyumba.

Nyumba moja, familia tatu

Kosa linalorudi mara nyingi ni kuhesabu paa badala ya watu. Baraka na pwani yake ni mahali pa kupokea wageni. Kwa miaka mingi watu wamekimbia mapigano ya milimani, wengine wametoka Uvira, na wengi hawako kwenye kambi: wanalala kwa ndugu, kwa rafiki, kwa muumini mwenzao. Nyumba moja inaweza kuwa na familia tatu. Upepo ukichukua paa moja, waliobaki nje ni watu kumi na tano au zaidi. Lakini karatasi ikiuliza jina la mwenye nyumba tu, inaandikwa familia moja.

Mpangaji naye anasahaulika. Nyumba si yake, kwa hiyo hahesabiwi katika waliopoteza nyumba. Lakini godoro, sufuria, nguo, unga na makuta ya biashara ndogo vilikuwa vyake. Mjane anayeishi nyuma ya nyumba ya shemeji yake anaandikwa chini ya jina la shemeji. Mtoto ambaye wazazi wake wamekufa usiku ule anaandikwa mahali popote alipolala, na kesho akihamia kwa shangazi anapotea kwenye orodha.

Kuna pia mpaka kati ya wakimbizi na majirani zao. Kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya Warundi, na kituo cha Mulongwe vina orodha zinazoshikwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa pamoja na tume ya taifa ya wakimbizi. Upepo hauoni uzio. Ukipiga kambi na kijiji cha jirani usiku mmoja, kambi ina majina tayari asubuhi, kijiji kinaanza na karatasi nyeupe. Msaada ukifika upande mmoja kwanza, chuki inazaliwa kati ya watu wanaochota maji kwenye bomba moja. Orodha nzuri ya kijiji inazuia ugomvi huo mapema kuliko hotuba yoyote ya amani.

Kalehe walijifunza kwa machungu makubwa. Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji na matope vilipiga Bushushu na Nyamukubi, kwenye Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na maelfu waliandikwa kama waliopotea. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Wengi waliokuwa pale walitoka vijiji vingine, na hakuna daftari lililosema nani alikuwa wapi. Mpaka leo kuna familia ambazo hazina kaburi wala cheti cha kifo, na bila cheti, mambo ya urithi na ya watoto hayana mwisho.

Ngazi nne za kuandika nyumba

Daftari la kijiji halihitaji kompyuta. Linahitaji mistari inayofanana, ili anayesoma Baraka aelewe kile kile alichoona aliyeandika Kazimia.

Ngazi ya kwanza ni nyumba iliyopoteza manjanja machache, lakini mbao za paa na kuta ziko salama. Inahitaji misumari na siku moja ya fundi. Ngazi ya pili ni paa lote limekwenda, kuta zimesimama. Hii ndiyo ya haraka kuliko zote, ingawa haionekani mbaya kuliko zote. Kuta za matofali mabichi bila paa zinayeyuka. Mvua mbili tatu zinatosha. Shitingi ikifika kesho, nyumba inaokoka. Ikifika baada ya wiki mbili, ni nyumba ya ngazi ya nne. Ngazi ya tatu ni ukuta mmoja au miwili imeanguka au imepasuka: familia isilale ndani, hata kama wanasema wameshazoea. Ngazi ya nne ni nyumba iliyokwisha kabisa.

Mbele ya kila nyumba, aandikwe mkuu wa familia, idadi ya watu wanaolala mle, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito, wagonjwa na walemavu, na kama ni mwenye nyumba, mpangaji au mgeni aliyekimbia vita. Picha ya simu ipigwe kabla ya kufagia, moja ya mbali na moja ya karibu. Simu nyingi zinaweza kuhifadhi mahali picha ilipopigwa hata bila mtandao.

Halafu orodha ya familia zilizopoteza nyumba isomwe mbele ya watu wa kijiji. Majirani wanajuana. Wao ndio watasema fulani amesahauliwa, na wao ndio watacheka wakisikia jina la mtu aliyehamia Kalemie miaka mitano iliyopita. Familia hewa zinaibia familia za kweli, na mashirika yakizigundua yanasimamisha msaada wa wote. Lakini majina ya wagonjwa, ya wanawake wanaoishi peke yao na ya watoto wasio na wazazi yasisomwe hadharani. Mahali penye watu wenye silaha, orodha kama hiyo inaweza kugeuka hatari.

Shamba, shule, choo

Nyumba inaonekana kwanza, kwa hiyo vingine vinasahaulika. Shamba la muhogo lililolala halifanani na lililokufa. Shina lililovunjika linaweza kuchipuka tena. Lakini maji yakisimama, mizizi inaoza, na ni lazima ing'olewe na kukaushwa haraka, la sivyo hakuna bugali miezi inayofuata. Mahindi machanga, ambayo hayajatoa maua, mara nyingi yanajiinua yenyewe. Yaliyokomaa yakilala kwenye tope yanaoza. Mgomba uliovunjika hausimami tena, na chipukizi litachukua karibu mwaka mmoja kuzaa. Mchikichi unavumilia upepo vizuri kuliko miti mingi. Kwa hiyo kuandika “mashamba yameharibika” hakutoshi. Andika ni zao gani, lilikuwa na umri gani, eneo kiasi gani, na maji yalisimama siku ngapi. Kwa mvuvi, andika mtumbwi, nyavu, taa na moteri. Bila hivyo hana shamba.

Shule na makanisa yana paa pana, na paa pana ndizo zinazoruka kwanza. Shule ikipoteza paa mwezi wa nne, mwaka wa masomo unaweza kuishia hapo kwa watoto mia kadhaa. Kituo cha afya kikilowa, dawa na chanjo vinaharibika hata kama jengo limesimama.

Na vyoo. Pwani hii ya Tanganyika, kutoka Uvira kupitia Fizi mpaka Kalemie, inajulikana kwa kipindupindu kinachorudi kila mara. Choo cha shimo kikiporomoka au kikijaa, bomba likivunjika, watu wanarudi kuchota ziwani. Wafu wa upepo wanaonekana asubuhi ile ile. Wafu wa kipindupindu wanakuja baada ya siku chache, wakati wageni wenye kamera wameshaondoka. Daftari lisilo na mstari wa vyoo na maji halijamaliza kazi.

Kwa nini paa liliruka

Hesabu nyingi zinaishia kwenye “nini kimeharibika”. Swali linaloweza kuokoa nyumba kesho ni “kwa nini”. Na jibu, mara nyingi, linaonekana kwa macho kwenye nyumba mbili za jirani, moja iliyosimama na moja iliyoanguka.

Nguvu ya upepo inapanda haraka kuliko kasi yake. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba kama uzito wa kilo 12 hivi. Ule wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kama kilo 47. Kwa paa la mita 6 kwa 8, hiyo ni zaidi ya tani mbili. Paa halisukumwi tu, linavutwa juu: upepo unaopita juu yake unalinyonya, na ule ulioingia kwa mlango au dirisha lililo wazi unalisukuma kutoka ndani.

Kwa hiyo fundi anayepita na daftari aangalie mambo machache. Je, mbao za paa zilifungwa kwenye ukuta kwa waya uliozikwa chini kati ya matofali, au zilikaa tu juu kwa uzito wake? Je, kingo za paa zilipigiliwa misumari mingi kuliko katikati? Kingo ndizo zinazoanza kunyanyuka. Je, paa lilitokeza nje sana, likawa kama tanga la mtumbwi? Je, kulikuwa na mbao za kukingama, au mbao zote zimesimama wima kama watu wasioshikana mikono? Je, upande unaotoka upepo kulikuwa na miti, au mlima umebaki uchi?

Waya, misumari ya kuongeza na kazi ya siku moja vina bei ndogo kuliko manjanja mapya. Lakini msaada unaokuja na manjanja bila waya unarudisha paa lile lile kwa upepo ule ule. Kama ripoti ya Fizi ingesema “katika nyumba zilizopoteza paa, nyingi hazikufungwa kwenye ukuta”, anayenunua vifaa angejua kuongeza waya kwenye mzigo. Asipoambiwa, atajuaje?

Daftari kabla ya mvua

Mvua za upande wetu zinarudi mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano. Katikati kuna miezi mitatu ya kiangazi. Ndiyo miezi ambayo kijiji kinaweza kuandika daftari lake bila kilio: nyumba ngapi, familia ngapi katika kila nyumba, nani ni mgeni, nani hawezi kukimbia peke yake, nyumba zipi ziko kwenye njia ya mto. Nakala moja ibaki kwa shefu, moja kanisani au shuleni mahali pakavu, moja iende kwenye sekta. Kila baada ya miezi mitatu isahihishwe.

Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya wizara wala pesa za mradi. Inahitaji daftari, kalamu na mtu anayeaminika. Asubuhi baada ya upepo, anayehesabu hataanza kuuliza nani alikuwa akiishi hapa. Atakuwa na majina mkononi, ataita moja moja, na pale ambapo hakuna anayeitika, watu watajua mara moja wachimbe wapi.